Bunduki ya gumegume na ufundi tunaouacha uzikwe na wazee

KUNA watu Marekani ambao wakitoka kazini jioni hawakimbilii runinga. Ni walimu, madereva wa malori, wahasibu, mafundi wa stima. Wanaingia gereji, wanawasha taa, wanachukua patasi na ubao mzito wenye urefu wa futi tano hivi, kisha wanaanza kuchonga. Jioni baada ya jioni, miezi inapita. Kuna ambao mwaka unaisha na bado wanachonga.

Wanachounda ni bunduki ya gumegume. Hii ni bunduki ndefu ya zamani, jamaa ya yale magobori yaliyobebwa na misafara ya pwani yetu enzi za mababu. Baruti na risasi huingizwa kwa mdomo wa mtutu na kushindiliwa kwa mdeki. Ukifyatua, jiwe la gumegume linapiga chuma, cheche zinaanguka kwenye kisahani chenye baruti, na moto unapenya kupitia kitundu kidogo hadi ndani.

Tuseme ukweli: bunduki hii haina kazi kubwa siku hizi. Ukipiga mara moja, lazima uanze kushindilia upya. Mvua ikinyesha, baruti inalowa na mambo yanaishia hapo. Majeshi ya Ulaya na Marekani yalianza kuiweka kando kufikia miaka ya 1840. Kwa nini basi mtu mwenye akili timamu ajitese mwaka mzima kutengeneza kitu ambacho dunia iliacha kitambo?

Nimeifuatilia jamii hii ya mafundi wa ridhaa kwa muda, na jibu langu ni hili: wamegundua jambo ambalo sisi vijana wa Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru tunalisahau kwa kasi. Ufundi haukai kwenye kitabu wala kwenye simu. Unakaa mikononi mwa mtu. Mtu huyo akifa kabla hajampa mwingine, umekwenda naye kaburini, na hakuna bando la kuudownload tena.

Kabla hujanitumia ujumbe wa hasira, tuelewane. Sisemi mtu yeyote hapa Kenya aende kuunda bunduki. Sheria yetu ya silaha haikuruhusu kutengeneza bunduki bila leseni, iwe ya kisasa au ya babu yako, na ninaiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote. Waulize watu wa Baringo, Turkana au Pokot Magharibi bunduki zimewafanyia nini. Hata bunduki za kujitengenezea hukamatwa na polisi mara kwa mara, na anayeziunda si msanii, ni mtu anayetafuta njia ya kupora. Kule Marekani mambo ni tofauti: sheria ya taifa lao ya mwaka 1968 inaziweka bunduki za gumegume na nakala zake katika kundi la vitu vya kale, ingawa majimbo mengine yana masharti yake. Ndiyo maana mwalimu wa shule anaweza kuiunda gerejini bila kujificha. Ninachotaka tukiangalie si silaha. Ni ule mwenendo wa kuketi na kazi ngumu mpaka ikukubali.

Mtambo wa gumegume kama tunavyoujua ulitokea Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 17, na wanahistoria wengi humtaja fundi Marin le Bourgeoys kuwa ndiye aliyeuunda. Karne iliyofuata, wahamiaji waliotoka Ujerumani na Uswisi walifika Pennsylvania, hasa maeneo ya Lancaster, wakiwa na bunduki zao fupi na nzito za kuwinda. Huko walikuta misitu isiyoisha, baruti na risasi zikiwa bei ghali na safari ndefu za miguu. Wakabadilisha kila kitu polepole. Mtutu ukawa mrefu, mara nyingi zaidi ya futi tatu na nusu. Risasi ikawa ndogo ili kilo moja ya risasi itoe nyingi zaidi. Tako likachongwa kwa mti wa mepo, ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada, hasa ule wenye mistari ya mawimbi kama ngozi ya punda milia. Vipande vya shaba vikapigiliwa kwa urembo.

Hakuna kampuni iliyochora ramani ya kitu hicho. Ni mafundi, kila mmoja katika karakana yake, baba akimfunza mwana, bosi akimfunza mwanagenzi. Hadi leo wajuzi wakiona jinsi tako lilivyopinda wanaweza kukuambia bunduki ilitoka kaunti gani ya Pennsylvania, na wakati mwingine hata fundi ni nani.

Sasa mtazame huyu wa ridhaa leo gerejini kwake. Kazi inayomla muda zaidi ni kuulaza mtutu na mtambo ndani ya mbao bila kuacha upenyo.  Anachofanya ni kupaka chuma masizi, kukibonyeza kwenye mbao, kisha kukitoa. Mahali palipobaki na alama nyeusi ndipo mbao inapozuia. Anakwangua hapo tu, chembe nyembamba kuliko ukucha. Anapaka tena. Anabonyeza tena. Anakwangua tena. Mara mia. Mara mia mbili. Akiwa na haraka na kukwangua zaidi ya inavyotakiwa, mbao hairudi. Pengo litabaki hapo likimtazama maisha yake yote.

Hebu fikiria hilo wewe uliyezoea kubonyeza kitufe cha kurudi nyuma kila unapokosea. Mbao haina kitufe hicho. Inakulazimisha ufikirie kabla mkono haujasogea, na hiyo ndiyo shule yenyewe.

Lakini ufundi huu karibu ufe, na hapo ndipo hadithi inapotuhusu. Viwanda vilipoanza kumwaga bunduki za bei rahisi, karakana zilifungwa moja baada ya nyingine. Kufikia karne ya 20 walikuwa wamebaki wazee wachache milimani, wale wa Appalachia, wanaojua kazi nzima. Mwaka 1933 wapenzi wa bunduki hizi walianzisha chama chao cha kitaifa, ambacho makao yake yako Friendship, mji mdogo wa Indiana. Mwishoni mwa miaka ya 1960, jumba la makumbusho la Colonial Williamsburg kule Virginia likatoa filamu ikimwonyesha fundi Wallace Gusler akiunda bunduki nzima kwa mikono, kuanzia chuma kitupu motoni hadi urembo wa mwisho. Filamu hiyo iliwafungua watu macho: kumbe inawezekana!

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha wanafunzi. Mwaka 1966, katika kaunti ya Rabun, Georgia, wanafunzi wa sekondari walianzisha jarida waliloliita Foxfire. Walitoka darasani wakiwa na vinasa sauti na kamera, wakawaendea wazee wa vijijini mwao, wakawauliza: nyumba ya magogo mnaijengaje? Nyama mnaihifadhije? Watoto wale walikuwa na umri wa mtu wa Form Two. Makala yao yakakusanywa kuwa vitabu kuanzia 1972, vikanunuliwa kwa mamilioni. Kitabu cha tano, cha mwaka 1979, kina sehemu kubwa kuhusu ufuaji wa chuma na uundaji wa bunduki za gumegume. Wengi wa wazee waliohojiwa wameshafariki. Walichokijua kimebaki kwa sababu kuna kijana aliyeamua kuuliza swali kabla ya matanga.

Sisi je?

Historia yetu na bunduki hii ina somo chungu. Karne ya 19, bunduki za kushindilia ziliingia bara kupitia Zanzibar kwa maelfu, zikibadilishwa na pembe za ndovu na hata watu. Wahunzi wetu walizikarabati, lakini zilikotengenezwa ni Ulaya. Birmingham, Uingereza, ilikuwa na karakana zilizounda bunduki mahsusi kwa soko la Afrika. Kisha tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yakatia saini mkataba uliozuia silaha kuingia sehemu kubwa ya Afrika. Katika mkataba huo waliacha mwanya mmoja: bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, zingeweza kuuzwa kwa masharti. Mwaka huo Wazungu wenyewe walikuwa na bunduki aina ya Maxim.

Usinielewe vibaya, sililii silaha. Bara letu lingekuwa bora bila zote mbili. Ninalosema ni kwamba anayeunda ndiye anayeamua anayenunua atapata nini. Ukiwa mtumiaji tu, utauziwa kilichopitwa na wakati na uambiwe kinakutosha. Ondoa bunduki hapo, weka simu, gari, mashini ya hospitali au programu ya kompyuta. Mambo yamebadilika wapi?

Na vile vilivyokuwa vyetu wenyewe, tumevitunza? Chukua mtepe. Hiki kilikuwa chombo cha baharini cha Waswahili, kikiundwa hasa visiwa vya Lamu, bila msumari hata mmoja. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lilikuwa la kusukwa kwa majani, si la kitambaa. Kwa karne nyingi mitepe ilibeba boriti na bidhaa pwani nzima. Mapema karne ya 20 ikatoweka. Zanzibar ilipotaka kuuona tena mtepe, mwaka 2003, ilibidi mafundi waujenge upya wakitegemea vielelezo vidogo na kumbukumbu zilizobaki, kisha ukawekwa katika Jumba la Maajabu. Hakukuwa na mzee wa kuwaambia, "Hapana mwanangu, kamba hii huvutwa hivi." Sehemu ya jumba hilo ikaporomoka Desemba 2020.

Hiyo ndiyo tofauti ya kumfikia mzee mapema na kumfikia akishazikwa. Waamerika waliwahi kwa sekunde za mwisho. Kwa mtepe, sisi tulichelewa.

Bado kuna vingi ambavyo hatujachelewa. Matondoni kuna watu wanaounda jahazi kwa macho bila mchoro. Lamu kuna wachongaji wa milango. Wamunyu kuna Wakamba wanaogeuza gogo kuwa twiga kwa shoka na kisu. Tabaka, Kisii, kuna wanaochonga mawe laini. Nyanza kuna wanaounda nyatiti. Na si lazima uende mbali: pale Kamukunji, Nairobi, kuna mafundi wa jua kali wanaopinda bati kuwa karai, jiko na sanduku la shule kwa nyundo na kipande cha reli. Wewe hupita hapo ukiwa umeziba masikio kwa sababu ya kelele. Kelele hiyo ni chuo, na karo yake ni nafuu.

Najua pingamizi la kwanza: "Wee, hizo ni hobby za watu wenye pesa. Mimi natafuta rent." Ni hoja ya kweli na siwezi kuipuuza. Mwamerika mwenye gereji, mshahara na wikendi mbili za kupumzika hayuko sawa na kijana wa Kayole anayeamka saa kumi alfajiri kwenda mjengoni. Lakini siulizi uache kazi. Nauliza Jumamosi moja kwa mwezi. Na ukienda kwa fundi, usiende mikono mitupu; muda wake ni mkate wake. Mlipe hata kidogo, au mbebee mbao, au mpige picha nzuri za kazi yake umsaidie kuuza. Uanagenzi haujawahi kuwa bure popote duniani.

Pingamizi la pili ni la wanaojiona wataalamu: "Ukitaka kufanya, fanya yote mwanzo hadi mwisho, la sivyo unacheza." Hata waundaji wa gumegume hubishania hili hadi leo. Wapo wanaonunua mtutu na mtambo ukiwa tayari, pamoja na tako lililokwisha kuchongwa kiasi, kisha wao wanaunganisha na kumalizia. Wapo wanaowacheka hao kwamba si mafundi. Mimi naona kicheko hicho hakina msingi. Mafundi wakubwa wa Pennsylvania wa karne ya 18 wenyewe mara nyingi walinunua mitambo iliyoletwa kwa meli kutoka Uingereza. Wangeambiwa hawakuwa mafundi? Anza na unachoweza. Nunua ubao uliokwisha kupigwa randa. Tumia kielelezo cha mtu. Kazi ya kwanza itakuwa mbaya, na ni sawa iwe mbaya. Muhimu ni ile ya pili, kwa sababu sasa unajua kosa liko wapi.

Pingamizi la tatu ni la kizazi chetu haswa: "Si kila kitu kiko YouTube?" Viko vingi, kweli, na mimi hutazama. Lakini video haikwambii mbao hii yako, ya leo, iliyokauka hivi, inakatika upande gani. Haikugongi kiganja ukishika patasi vibaya. Kuna ujuzi ambao hata fundi mwenyewe hana maneno yake, ukimuuliza umejuaje, atakwambia, "Nimejua tu." Hiyo "nimejua tu" haipandi mtandaoni. Inapatikana kwa kuketi kando yake, kushika, kukosea na kushikwa mkono.

Kwa hivyo rekodi, ndiyo. Simu yako ina kamera ambayo wale watoto wa Georgia wangeiona miujiza. Mhoji mzee, mwulize majina ya zana, majina ya miti, majina ya kila hatua, kwa lugha yake. Majina nayo yanakufa. Ni wangapi kati yetu tungejua mdeki ni nini kama si makala kama hii? Lakini ukishamaliza kurekodi, weka simu chini uishike nyundo.

Shule nazo zibebe mzigo wao. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulikuja na masomo ya ufundi, watoto wakachonga mwiko na kusuka vikapu, kisha masomo hayo yakapunguzwa kwa madai kwamba yanawalemea wanafunzi na wazazi. Sasa CBC imeyarudisha kwa sura nyingine, na tayari tunasikia wazazi wakilalamika, pengine wao ndio wanaokesha wakimalizia kazi ya mtoto. Hapo somo limekufa. Mtoto akipeleka shuleni gari la waya lililopinda, alilolipinda mwenyewe, amefunzwa. Akipeleka zuri lililoundwa na jirani kwa mia tatu, amefunzwa kudanganya. Na kwa nini shule zisimwalike fundi wa mtaani darasani, zimlipe, zimpe heshima ya mwalimu kwa siku hiyo moja?

Kuna jambo moja zaidi kuhusu ule mtambo wa gumegume. Watu hudhani moto unatoka kwenye jiwe. Sivyo. Jiwe linakwangua chembe ndogo za chuma, na chembe hizo ndizo zinazowaka. Chuma bila jiwe ni baridi tu. Jiwe bila chuma ni jiwe tu. Mzee ana kitu na wewe una kitu, lakini msipogusana hakuna cheche.

Mtaani kwako kuna fundi mmoja mwenye miaka 70 au zaidi ambaye hana mwanagenzi. Unamjua. Pengine ni mshonaji viatu, mtengeneza ngoma, mhunzi, mfumaji mikeka. Wiki hii, badala ya kumpita ukimwambia "sasa mzee" bila kusimama, mwambie "shikamoo" usimame. Muulize kile anachokishika kinaitwaje. Kisha muulize kama unaweza kukishika.